Deni la Babu na Hati Tusiyoisoma

Tunaandika haya tukiwa ndugu wanne wa tumbo moja, wanaume wawili na wanawake wawili, wazaliwa wa Kilwa Kivinje katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Wote tumesoma. Mmoja wetu ni mwalimu, mmoja muuguzi, mmoja karani, na kitinda mimba anafanya biashara Dar es Salaam. Nyumbani kwetu ilikuwa desturi kusema kwamba elimu katika ukoo ilianza kwa baba, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kukalia dawati. Babu, kwa kauli hiyo, alikuwa mtu mwema ambaye hakusoma. Tunaandika ili kuifuta kauli hiyo, maana tumeibeba miaka mingi na haikuwa kweli.

Baba alifariki mwaka jana, Allah amrehemu. Siku ya maziko kaka yetu mkubwa alisimama mbele ya jeneza, akauliza kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze. Hakujitokeza mtu, baba alikuwa mwangalifu sana kwa mali za watu. Baadaye tulikaa na shangazi kuzungumza mirathi. Pamoja na nyumba ya baba, lilikuwapo shamba la minazi na mikorosho alilolirithi kwa babu pamoja na shangazi, ambalo halikupata kugawanywa tangu babu alipofariki mwaka 1958. Shangazi akatuambia, “Wanangu, kabla hamjagusa chochote cha babu yenu, fungueni kwanza kasha lake. Baba yenu alikuwa akisema atalifungua, na kila mara akaliacha.”

Ndani ya kasha mlikuwa na kanzu iliyoliwa na mende, saa ya mfukoni iliyosimama, msahafu, na daftari nene lililoandikwa kwa wino kutoka kulia kwenda kushoto. Sote wanne tulihitimu Qur'ani utotoni, hivyo tulidhani tutalisoma. Hatukuweza. Herufi tulizijua moja moja, lakini maneno yalitukimbia. Babu aliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, tena kwa mkono wa haraka usiotia irabu. Hati hiyo ya wazee ilitumia herufi ya shini kwa “sha” na kwa “cha”, na herufi ya fa kwa “fa” na kwa “va”. Na mara nyingi mwandishi aliacha sauti ya “m” mbele ya “b”, hata neno “mboga” ukalisoma “boga”. Ilimpasa msomaji awe analijua neno kabla ya kuliona.

Shangazi alitutazama tukihangaika, kisha akasema kwa upole, “Humo ndimo alimokuwa akiandika mambo ya fedha.”

Hapo mioyo yetu ilishtuka. Tumefundishwa tangu utoto kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe, na kwamba mirathi haigawanywi kabla ya madeni. Tunajua pia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni. Babu aliitii aya hiyo: aliandika. Sisi wasomi ndio tulioshindwa kusoma.

Tulianza kutafuta msaada hapo hapo Kivinje. Imamu wa msikiti wa jirani ni kijana aliyesoma vyuo vya nje, na Kiarabu chake ni fasaha. Alilifungua daftari, akakunja uso, akasema, “Ndugu zangu, hiki si Kiarabu. Naziona tarehe, naliona neno deni, na naziona tarakimu: 60, kisha 20, kisha 40. Lakini nani anamdai nani, siwezi kusema, na si halali kubahatisha.”

Jioni ile tulitembea mjini bila kuzungumza sana. Kivinje ni mji uliokuwa mkubwa. Katika karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, ikileta pembe za ndovu na, jambo tusilopaswa kulificha, ikileta watu waliouzwa utumwani. Wajerumani walipokuja waliufanya makao ya utawala wao katika sehemu hizi, na majengo ya enzi yao yangali yamesimama karibu na bahari, mengine yameota miti ukutani. Upo pia mwembe unaokumbukwa kwa jina la Mwembe Kinyonga, na jina lajieleza. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani kwa silaha, alinyongwa mwaka 1895. Historia husimulia kwamba barua zilizokamatwa kwake ziliwatia hatiani wakubwa wengine wa mji waliokuwa wakiwasiliana naye kwa siri.

Mara nyingi tulipita pale utotoni. Safari hii tulisimama. Barua zile ziliandikwa kwa hati kama ya daftari la babu. Mwaka 1895 hati hiyo ilikuwa na uzito wa kumpeleka mtu kitanzini. Ilikuwaje basi, kabla ya karne kumalizika, mtu aliyeijua akahesabiwa kuwa hakusoma?

Jibu halikufichika. Wajerumani walifungua shule za serikali katika miji ya pwani kuanzia miaka ya 1890, ya Tanga ikiwa ndiyo iliyojulikana zaidi, na Kilwa nayo ikapata yake. Humo walifundisha Kiswahili, lakini kwa herufi za Kirumi, na kidogo kidogo barua za serikali nazo zikafuata mkondo huo. Kisha ikaja Vita vya Maji Maji, iliyoanza Julai 1905 katika vilima vya Wamatumbi, kule Nandete, ambako leo ni ndani ya wilaya yetu. Vita na njaa iliyofuata viliacha kusini ikiwa imedhoofika kwa miaka mingi. Walipotawala Waingereza, sehemu kubwa ya shule za kusini zilikuwa za misheni, kama kule Masasi na Ndanda. Wazazi wengi wa Kilwa waliogopa watoto wao wasirudi na imani nyingine, na hofu yao haikuwa ya upuuzi. Lakini nayo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo waliilipa watoto. Chuo cha barazani kikabaki upande mmoja, shule upande mwingine, na kati yake pakawa na mto usio na daraja.

Babu alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto walikaa juu ya mkeka barazani kwake tangu alfajiri, na ada yao ilikuwa kuku, nazi, au kibaba cha mpunga. Hata hivyo ni yeye aliyemtoa baba kwenda shule ya msingi, na Januari 1957 akamruhusu kwenda shule ya kati ya bweni, mbali na nyumbani. Baba alikuwa akitusimulia jambo hilo kwa fahari. Alisema serikali ilimsomesha bure kwa sababu ya akili zake. Tulimwamini, na yeye mwenyewe aliamini hivyo mpaka anakufa.

Siku ya pili tulikwenda Kilwa Masoko, yaliko makao makuu ya wilaya. Masoko ni mji wa ofisi, bandari na nyumba za wageni. Tuliokua wakati ambapo mvua za masika zilitukatia njia ya Dar es Salaam kwa majuma kadhaa tunajua maana ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji. Tunajua pia maana ya kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwanzoni mwa muongo ule, na ya sekondari za kata zilizofuata. Watoto wenye sare walikuwa wakipita makundi kwa makundi, wa kike kwa wa kiume, wasichana wengi wakiwa na mitandio yao. Tulifurahi kwa dhati. Babu asingeamini.

Mwalimu mmoja mstaafu, rafiki wa baba wa zamani, ndiye aliyetupa njia. Alisema, “Nendeni Kisiwani, muulizieni bibi aliyekuwa akiwaandikia watu barua. Akili yake bado nzima. Lakini mkimwendea, mwombeni radhi kwa niaba ya baba yenu.” Tukauliza, “Radhi ya nini, mzee wetu?” Akacheka, akakataa kusema.

Tulivuka kwa mashua. Kutoka Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi wa maji, lakini mtu anavuka karne. Kwanza inaonekana Gereza, ngome inayokumbusha kuingia kwa Wareno mwaka 1505. Nyuma yake, kati ya mibuyu, ndipo ulipo Msikiti Mkuu, uliojengwa na kupanuliwa kwa vizazi kadhaa, na kuba zake na nguzo zake. Upanuzi mkubwa wa karne ya 14 unahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa. Tarehe ya kale ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo nakala yake imehifadhiwa Uingereza, inasimulia kwamba sultani huyu alipokuwa kijana alikwenda Hijja, akakaa Aden miaka miwili akitafuta elimu. Huyo alikuwa mwanafunzi wa bweni kutoka Kilwa, takriban miaka 600 na ushei kabla ya baba. Ndiye aliyemkuta Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331, na msafiri huyo akasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa wakati akitoka kuswali Ijumaa, naye akaenda kuzivua akampa.

Lipo na jambo jingine ambalo shuleni hatukuambiwa. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati ya Kiarabu, na leo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, nchini India, kwa kuwa zilifika mikononi mwa Wareno. Miongoni mwa watu wa barua hizo alikuwamo Mfalme Fatima, mwanamke aliyetawala Kilwa. Wilaya iliyowahi kutajwa kuwa iko nyuma kielimu ndiyo iliyotuachia barua za mwanzo za lugha yetu.

Bibi tulimkuta nje ya nyumba yake akisuka ukili. Tulimwamkia, “Shikamoo, bibi,” naye akaitikia, “Marahaba, wajukuu zangu, karibuni.” Tulipomtajia jina la baba aliangua kicheko hata akauweka ukili chini.

“Huyo ndiye aliyeniandika mjinga!” alisema.

Kisha akatueleza. Mwaka 1970 serikali ilipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata, baba alikuwa mmoja wa vijana waliopita nyumba hadi nyumba kuandikisha wasiojua kusoma. Alimkuta bibi huyu akimsomea jirani yake barua iliyotoka Zanzibar. Akamwonyesha kitabu cha darasa na kumuuliza kama anaweza kukisoma. Bibi akasema herufi hizo hazijui. Basi baba akaandika katika orodha yake kwamba hajui kusoma. “Nami nikaenda darasani,” alisema bibi, “nikajifunza hizo za kwenu. Elimu haikataliwi. Lakini yeye sikumwona akija kujifunza zangu.”

Tulimwomba radhi kwa niaba ya baba. Alisema alishasamehe siku ile ile, maana kijana alikuwa na adabu. Akaomba miwani, akalipokea daftari, akasema Bismillahi, akaanza kusoma kama mtu asomaye gazeti.

Kurasa za mwanzo zilikuwa za chuo: majina ya watoto, sura waliyofikia, na alicholeta kila mmoja. Baada ya hapo zikaja hesabu za nazi na bei ya mchele. Kisha akatua, akaturudishia macho, akasoma polepole zaidi. Mfungo Tisa, mwaka 1376. Babu alikuwa amekopa shilingi 60 kwa mwenye duka la nguo hapo Kivinje, kwa safari ya mwanawe kwenda skuli: kaptula na mashati, sanduku, blanketi, ada na nauli. Angelipa kwa nazi za msimu. Chini yake, kwa wino mwingine, alilipa 20, zikabaki 40. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Tulihesabu: Mfungo Tisa ya mwaka ule iliangukia Januari 1957. Babu alifariki katika masika ya mwaka uliofuata, naye baba alikuwa bweni. Alifika nyumbani maziko yameshapita.

Basi hili ndilo tulilolikuta. Babu, mwalimu wa chuo, alikopa ili mwanawe akajifunze hati nyingine. Mwana akajifunza, akawa karani, akasomesha watoto wanne, na wote watano hatukuweza kusoma mstari mmoja uliosema gharama ya kusoma kwetu haijalipwa. Deni lilikaa ndani ya kasha miaka zaidi ya 60, si kwa sababu lilifichwa, bali kwa sababu liliandikwa.

“Yako maneno mengine ukingoni,” alisema bibi. Yalikuwa machache. Yalisema kwamba mwakani, Mungu akijaalia, na huyu wa kike.

Wa kike alikuwa mmoja tu. Tuliporudi Kivinje tulimwambia shangazi. Kwa maisha yake yote aliamini kwamba babu alimsomesha baba na kumwacha yeye kwa kuwa ni mwanamke. Hakuwahi kulalamika, lakini sisi watoto wa kike katika nyumba ile tuliijua huzuni hiyo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitusukuma tusiache shule. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Someni tena.” Tukamwonyesha mahali maneno yalipoandikwa, naye akaweka kidole juu yake, akasema, “Allah amrehemu. Mimi nilimdhania.”

Lililobaki lilikuwa kulipa. Mkopeshaji alishafariki zamani, lakini mwanawe tulimpata Masoko, mzee mwenye duka dogo la vyakula. Tulimwuliza imamu wetu thamani ya shilingi 40 za wakati ule, naye akatuambia wanazuoni wamehitilafiana katika sarafu iliyokwisha kutumika, na kwamba lililo salama zaidi ni kuelewana na warithi na kutopunguza. Daftari lenyewe lilitusaidia, kwa kuwa babu aliandika bei ya mchele. Tulipopima, deni lilikuwa kama nusu gunia. Tukaafikiana kulipa thamani ya gunia zima, kwa hiari yetu, kabla ya kugawana mnazi hata mmoja.

Mzee yule alitusikiliza mpaka mwisho. Alisema baba yake hakuwaachia habari yoyote ya deni hilo, na huenda alilisamehe kimya kimya. Tulimwomba apokee, ili babu apumzike. Akapokea, akasema atawagawia ndugu zake, akamwombea babu dua. Tulipoinuka kuondoka akatuzuia.

“Wanangu, ninaomba jambo moja. Huo ukurasa wenye jina la baba yangu, naweza kupata nakala? Duka liliungua zamani na vitabu vyake vyote. Sina popote alipoandikwa.”

Tulimtolea nakala mbili siku ile ile, pale pale Masoko.

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya kuwadharau waliotupeleka shule. Tunataka watoto wetu wakae madawatini mpaka mwisho wa safari yao, wa kike sawa na wa kiume, na atakayemtoa binti shuleni kwa kisingizio cha dini asilitaje jina la babu yetu. Lakini tunaomba kila familia yenye kasha la wazee ilifungue leo. Msiwaachie mchwa, wala msiyachome makaratasi hayo mkidhani kila chenye herufi za Kiarabu ni aya iliyochakaa. Huenda ni wasia, au mpaka wa shamba, au amana ya yatima, au deni linalomngojea mtu wenu. Watafuteni wazee wanaoijua hati hiyo wangali hai, na muwaketishe watoto mbele yao.

Sisi tumeanza. Likizo ya Desemba wajukuu wawili wa shangazi na binti wa mmoja wetu walivuka kwenda Kisiwani na madaftari mapya. Bibi aliwapa sharti moja, nalo tuliliona kuwa la haki: kila mmoja aandike jina lake kwa hati zote mbili, ya kulia na ya kushoto, kabla ya kupewa somo la kwanza. Waliporudi walimwandikia shangazi barua fupi. Yeye hakujifunza kuandika, lakini herufi za Qur'ani anazijua, na barua ile watoto waliitia irabu zote, ili asipotee.

Aliisoma mwenyewe.